Mkalimani na Farasi Jike

Mjomba wangu mmoja, Mungu amrehemu, aliingia katika kitabu cha kitaaluma bila kujua, na mimi ndiye niliyemwingiza. Jambo hili nimelibeba kwa miaka mingi. Nalieleza hapa kwa sababu ndilo lililonifanya nisome kwa makini vitabu ambavyo, kwa kawaida, mtu wa pwani yetu asingekuwa na haja navyo: vitabu vya wasomi wa Marekani kuhusu maisha ya Wachikano na Walatino. Msomaji anivumilie nikianza mbali kidogo. Mjomba nitamrudia.

Kwanza tuelewane majina. Mwaka 1848, baada ya vita, Mexico ilikabidhi sehemu kubwa ya nchi yake kwa Marekani, na watu waliokuwa wakiishi huko wakajikuta wageni bila kuhama nyumba zao. Hao, pamoja na waliovuka mpaka baadaye kutafuta kazi za mashamba, reli na viwanda, ndio wazee wa Wamarekani wenye asili ya Mexico. Jina Chicano aghalabu lilikuwa la dharau, hadi vijana wa miaka ya 1960 walipolitwaa na kulivaa kwa fahari. Latino ni jina pana zaidi; linawachukua pia watu wa asili ya Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu wa namna hiyo milioni 62.1. Si kijikundi cha pembeni, basi, kinachohitaji kuelezwa na wengine kana kwamba hakina kinywa.

Hata hivyo kwa muda mrefu ndivyo kilivyoelezwa. Nilipokuwa mwanafunzi mjini Austin, Texas, nilikuwa na tabia ya kuzunguka baina ya rafu za maktaba jioni, baridi ikinizuia kwenda kwingine. Huko ndiko nilikokutana na Américo Paredes. Alizaliwa Brownsville, mpakani kabisa na Mexico, mwaka 1915, na kitabu chake kiitwacho With His Pistol in His Hand kilitolewa mwaka 1958 na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Texas. Kinahusu wimbo mmoja. Wimbo wenyewe ni wa aina iitwayo corrido, wimbo wa masimulizi ambao mtu aliyelelewa kwenye tenzi ataufahamu upesi: una shujaa, una vita, una tarehe, na unataka kukumbukwa.

Shujaa wake ni Gregorio Cortez, mkulima. Mwezi Juni 1901 sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya ya Karnes, alifika nyumbani kwa akina Cortez akitafuta mwizi wa farasi. Sherifu hakujua Kihispania, akategemea mkalimani aliyekijua nusunusu. Cortez aliulizwa kama alikuwa amebadilishana caballo siku zile. Akajibu hapana, na alisema kweli, maana alichobadilishana kilikuwa yegua, farasi jike. Katika Kihispania hayo ni maneno mawili mbalimbali. Sisi tunaosema farasi kwa dume na jike huenda tusione kosa liko wapi. Lakini nenda Ugogo umwulize mfugaji kama ameuza fahali, hali yeye ameuza mtamba, kisha usikilize atakavyojibu. Mkalimani akaona mtu huyu anadanganya. Cortez alipoambiwa atakamatwa, akasema hawezi kukamatwa bila kosa. Maneno hayo nayo yakafika kwa sherifu yakiwa yamegeuka, kwamba hakuna mzungu awezaye kumkamata. Bastola zikalia. Ndugu yake Cortez akaanguka kwa jeraha, na sherifu akafa. Cortez akakimbia siku kumi, akisakwa na mamia ya watu, akakamatwa karibu na Laredo. Alikaa gerezani hadi gavana alipomsamehe mwaka 1913.

Nilisoma kisa hicho nimesimama. Kilichonigusa si risasi, bali mkalimani. Mtu aliyekuwa katikati, aliyeaminiwa na upande mmoja, akapitisha neno moja bila kulipima, na nyumba mbili zikaingia msibani.

Ubora wa kitabu cha Paredes hauko katika kisa peke yake. Kuna mambo mawili ambayo nimeyatafuta katika vitabu vingi vya kitaaluma tangu siku ile, na mara chache nimeyaona pamoja. La kwanza ni mpangilio. Kabla ya kuchambua kisa chenyewe, Paredes anasimulia hadithi ya Cortez jinsi wazee wa mpakani walivyoisimulia, kwa chumvi yake na kicheko chake. Ndipo anapoleta kumbukumbu za mahakama na magazeti, na kuonyesha wapi wimbo umesema kweli na wapi umeongeza. Wenye hadithi wanasema kwanza; msomi anafuata. La pili ni ushujaa wake wa kutaja majina. Walter Prescott Webb, mwanahistoria mkubwa wa chuo kikuu kilekile, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1935 kuwasifu Texas Rangers, kikosi cha polisi ambacho watu wa mpakani walikiogopa kuliko majambazi, na humo aliwaeleza Wamexico kuwa ni watu wenye ukatili katika damu. Paredes, mwalimu mgeni asiye na cheo, alimjibu waziwazi katika kurasa za kitabu, Webb akiwa bado hai.

Mtu angetegemea kwamba baada ya kitabu kama hicho mlango umefunguka. La hasha. Kati ya mwaka 1957 na 1962 hivi, watafiti wa anthropolojia waliweka kambi katika wilaya ya Hidalgo, kusini mwa Texas, wakichunguza desturi za wakazi wenye asili ya Mexico. William Madsen akatoa kitabu chake mwaka 1964, nacho kikawa cha kusomeshea vyuoni. Arthur Rubel akatoa chake mwaka 1966, kwa shirika lilelile lililokuwa limemtoa Paredes. Katika kurasa za namna hiyo, Mchikano ni mtu anayeongozwa na majaaliwa, anayeogopa uchawi na husuda, asiyeweza kupanga kesho. Shirika moja, miaka minane tu, na rafu ileile inabeba dawa na ugonjwa. Nalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba kitabu kimoja kizuri husafisha rafu nzima.

Mwaka 1977 Paredes aliandika makala ndefu kuhusu kazi za watafiti hao. Hakuwaita waongo, wala hakusema wana nia mbaya. Alisema jambo zito zaidi: kwamba hawakusikia. Watu waliwatania, wao wakaandika. Watu walisema kwa mafumbo, wao wakachukua neno kama lilivyo. Mtu aliigiza mbele ya mgeni, mgeni akadhani anaungama. Lugha waliijua kiasi cha kununulia mkate, si kiasi cha kujua lini mzee anacheka ndani kwa ndani.

Sasa namrudia mjomba.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule na sina kazi, pale mtafiti mmoja wa kigeni alipofika kijijini kwetu kuchunguza jinsi wakulima wanavyosoma dalili za mvua. Akanichukua niwe mkalimani, kwa malipo ya siku ambayo kwa wakati ule yalikuwa mengi. Alikuwa mtu mwema. Sina neno baya juu yake. Jioni moja tukaketi barazani kwa mjomba. Mgeni akauliza: mnajuaje kwamba masika yanakaribia? Mjomba akatazama angani, akakohoa, akasema kwa uso mkavu kabisa, "Hapa kwetu mvua ya kwanza hainyeshi mpaka bi mdogo anune."

Bi mdogo ni mke wake wa pili, naye alikuwa uani, hatua chache tu, akipika, na maneno yale yalirushwa makusudi yamfikie. Wazee wawili waliokuwepo wakainamisha vichwa ili wasicheke. Mimi nikatafsiri. Nilitafsiri barabara, neno kwa neno. Ila sikuutafsiri uso wa mjomba. Sikusema, "Mzee anamtania mkewe." Mgeni aliandika kwa haraka, akiwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu, nami nikaona haya kumkatiza. Pengine pia nilihofia malipo yangu.

Miaka kadhaa baadaye, katika maktaba ileile ya Austin, nilikitafuta kitabu chake, nikakipata. Mjomba yumo. Hana jina, ni "mzee mmoja", na imani yake kuhusu hasira za mke mdogo na mvua imepewa aya mbili nzima, na maelezo ya kina kuhusu ndoa za mitala na rutuba ya ardhi. Nilikifunga kitabu. Mjomba alikuwa amekwisha kufariki. Asingeweza kukisoma hata kama angekuwa hai, maana hakikuandikwa kwa lugha yake, na bei yake ilikuwa zaidi ya mavuno yake ya msimu.

Ndiyo maana ninapomsoma Octavio Romano sisomi kama mtu wa mbali. Romano alikuwa mwanaanthropolojia, mwenye asili ya Mexico, na yeye mwenyewe alishiriki katika utafiti ule wa Hidalgo. Alikuwa ameketi barazani, kwa namna ya kusema. Lakini yeye hakunyamaza kama mimi. Mwaka 1967 huko Berkeley, California, pamoja na wenzake wachache alianzisha jarida liitwalo El Grito, yaani Ukelele, na shirika dogo la uchapishaji, Quinto Sol. Mwaka uliofuata alichapa humo makala iliyovichukua vitabu vya wanasayansi ya jamii kimoja baada ya kingine, akauliza: hawa watu mnaowaita wazito, wasio na historia, ndio haohao waliofanya migomo mashambani na migodini? Waliounda vyama vya wafanyakazi? Mtu wa majaaliwa hugoma vipi?

Swali hilo lina nguvu hata leo. Lakini jibu kubwa la Romano halikuwa makala. Jibu lake lilikuwa kiwanda kidogo cha vitabu. Alitambua kwamba mwenye kumiliki chapa ndiye anayeamua kipi ni elimu na kipi ni porojo. Mwaka 1970 Quinto Sol ilitoa tuzo yake ya kwanza kwa Tomás Rivera, mtoto wa vibarua wa mashambani waliohamahama kufuata mavuno. Kitabu chake kikatoka mwaka 1971 kwa Kihispania na Kiingereza ndani ya jalada moja. Hebu fikiria maana yake: baba na mtoto wanaweza kukisoma kitabu kimoja, kila mmoja kwa lugha anayoiweza. Ninapopima vitabu vya wasomi wa siku hizi, naweka mezani kitabu chembamba cha Rivera kama pishi.

Moto ukaenea. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kikaanzisha jarida la Aztlán. Nicolás Kanellos alianzisha Arte Público Press mwaka 1979, ambayo makao yake yako Chuo Kikuu cha Houston, na mwaka 1992 akaanza mradi wa kufufua maandishi yaliyosahauliwa. Mwaka huohuo ilichapwa upya riwaya ya María Amparo Ruiz de Burton kuhusu Wamexico wa California walioporwa ardhi. Ilikuwa imetoka mara ya kwanza mwaka 1885 kwa lakabu. Miaka 107 kitabu kilikuwa kimelala, na wasomi wakifundisha kwamba watu hawa hawakuandika.

Hayo ni ya kusifu. Lakini mhakiki asiyesema upande wa pili ni mpiga debe. Na upande wa pili uko.

Romano na wenzake walipofungua mlango wao, wanawake walibaki uani. Tuzo tatu za kwanza za Quinto Sol zilikwenda kwa wanaume: Rivera, Rudolfo Anaya na Rolando Hinojosa. Wote ni waandishi wakubwa, sibishi. Toleo la El Grito lililohusu wanawake lilitoka mwaka 1973, jarida likiwa karibu na mwisho wake. Historia ambayo Romano aliitetea ilikuwa zaidi historia ya waliogoma, si ya waliopika chakula cha waliogoma, ingawa mara nyingi walikuwa watu walewale. Ikabidi wanawake watafute chapa nyingine. Mkusanyo wa Cherríe Moraga na Gloria Anzaldúa, This Bridge Called My Back, ulitoka mwaka 1981 kwa shirika dogo la wanawake. Shirika hilo lilipokufa, jingine kama hilo likautoa tena mwaka 1983. Anzaldúa akatoa Borderlands mwaka 1987, nacho pia nje ya mashirika ya vyuo. Kinachanganya Kiingereza na Kihispania bila kumwomba radhi msomaji. Baadaye vyuo vikuu vikakipokea, vikakifundisha na kuandika tasnifu juu yake. Chuo huchelewa kwenye karamu, kisha hukaa kiti cha mbele.

Hilo linanifikisha kwenye lawama yangu kubwa. Siku hizi vitabu vya kitaaluma kuhusu Wachikano na Walatino ni vingi, na wengi wanaoviandika ni watoto wa jamii hiyohiyo. Mashirika ya vyuo vikuu vya Texas, Arizona na New Mexico yana orodha ndefu. Ni ushindi, na haukuja bure. Lakini ukivifungua, utaona mara nyingi vimeandikwa kwa lugha inayohitaji mkalimani mwingine. Najua sababu. Mwalimu wa chuo hupandishwa cheo kwa kitabu kilichopitiwa na wasomi wenziwe na kutolewa na shirika la chuo. Kitabu kilichochapwa na kikundi cha mtaani hakimsaidii sana. Nakala huchapwa chache, bei hupanda, wanunuzi wakubwa ni maktaba. Basi mwandishi anawaandikia wale watakaompima. Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Mimi mwenyewe nilinyamaza kwa ajili ya malipo ya siku. Ila nasema tuliite jambo kwa jina lake. Ikiwa kibarua wa mashamba ya Texas hawezi kujikuta katika kitabu kinachomhusu, haitoshi kumwambia kwamba safari hii mwandishi ni mpwa wake. Mjomba wangu naye aliletewa mgeni na mpwa wake.

Cha ajabu ni kwamba wapinzani wa vitabu hivi wanaelewa nguvu yake kuliko baadhi ya waandishi wake. Mjini Tucson, Arizona, shule za sekondari zilikuwa na masomo kuhusu Wamarekani wenye asili ya Mexico. Mwaka 2010 jimbo likapitisha sheria ya kuyapinga, na Januari 2012 masomo yakasimamishwa. Vitabu saba vikakusanywa kutoka madarasani na kuwekwa stoo. Miongoni mwao kulikuwa na Occupied America cha Rodolfo Acuña, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1972, na Chicano! cha Arturo Rosales, kilichotolewa na Arte Público. Mwezi Machi 2012 waandishi na walimu wakafunga safari ya basi kutoka Houston hadi Tucson wakipeleka vitabu vilivyozuiwa, wakijiita kwa mzaha walanguzi wa vitabu. Agosti 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho akaamua kwamba masomo yale yalipigwa marufuku kwa chuki ya rangi, kinyume cha katiba.

Angalia ni vitabu gani vilivyoogopwa. Havikuwa vile vilivyojaa istilahi, vilivyolala maktabani vikingoja mtu wa tasnifu. Viliogopwa vile ambavyo mtoto wa miaka kumi na sita angeweza kuvisoma usiku na asubuhi akamwuliza mwalimu swali. Acuña ni msomi kamili, lakini aliandika ili asomeke. Paredes hali kadhalika. Kusomeka hakukuwapunguzia usomi. Kumewafanya wasomwe hadi leo.

Mwaka uliofuata kurudi kwangu nilikwenda kijijini na nakala ya zile aya mbili mkononi. Bi mdogo bado yuko, mzee sasa, na mimi nimezoea kumwita mama. Nikamsomea kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa juu ya mumewe, mvua na hasira zake. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akanyamaza kitambo.

"Na wewe, mwanangu, ulikuwa umekaa wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa pale pale, mama. Katikati yao."

Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama yule mgeni aliwahi kuandika kwamba yeye alikuwa uani siku ile, na kwamba pweza waliyemla jioni ile alimpika yeye. Nikasema hapana, hayumo, ila kama mke mdogo aliyenuna. Akasema, basi wewe uliyesoma, andika mahali. Andika kwamba sikununa.

Naandika hapa. Hakununa siku ile. Alimsikia mumewe, akatabasamu, akakoroga chungu. Na mvua ya kwanza ya mwaka ule ilinyesha siku nne baadaye.